Mbuzi Katika Makala ya Ng'ombe

Nilipoajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti, kazi yangu ya kwanza haikuwa utafiti. Ilikuwa kupanga rekodi ya mwalimu wangu: kila makala aliyowahi kuchapisha, imechapishwa na jarida gani, na imetajwa mara ngapi na watafiti wengine. Rekodi hiyo ilihitajika katika jalada lake la kuomba cheo cha profesa kamili. Alikuwa profesa mshiriki, na alikuwa amebakiza muda mfupi kabla ya kustaafu. Kama ombi hilo lisingepita, hapangekuwa na jingine.

Nyamirambo, mtaani tulikoishi sote wawili, hakuna aliyejua kwamba cheo chake hakijakamilika. Muuza sambusa alimwita Profesa. Msikitini aliitwa Profesa. Madereva wa pikipiki waliokuwa wakigombania abiria pale kona walimwambia, "Profesa, panda huku." Mimi pia nilimwita hivyo tangu mwaka wa kwanza chuoni. Siku nilipoliona neno "mshiriki" kwenye karatasi, nilijihisi kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha mwenzake bila kupiga hodi.

Fani yetu ni urithi wa sifa zinazopimwa: maziwa, uzito, kimo. Sifa hizi hazitokani na jeni moja. Zinatokana na nyingi, zikichanganyika na majani, maji na bahati ya mnyama. Swali letu ni lilelile kila siku: katika tofauti iliyopo kati ya ng'ombe huyu na yule, ni kiasi gani kimetoka kwa wazazi? Ili kulijibu, lazima ujue nani ni mtoto wa nani. Ukikosea baba, hesabu zote zilizobaki ni mapambo.

Dume halikamuliwi, kwa hiyo thamani yake hukadiriwa kwa maziwa ya binti zake. Profesa alisema watafiti nao hupimwa hivyohivyo, kwa yale wanayoyafanya wengine baada yao. Alisema bila kucheka, akisaini fomu.

Chuo kilitaka kipimo cha nane. Maana yake, mwombaji awe na makala nane ambazo kila moja imetajwa walau mara nane. Profesa alikuwa na saba zilizovuka kiwango hicho. Ya nane, makala ya zamani kuhusu uzito wa mbuzi, ilikuwa imetajwa mara saba. Ilipungukiwa na moja tu. Nilifungua ukurasa wake kila asubuhi kabla ya chai, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Wakati huohuo nilikuwa namalizia makala yangu ya kwanza, kuhusu maziwa ya ng'ombe chotara wa wafugaji wadogo wa Masaka, pembezoni mwa jiji. Jina langu lilikuwa la kwanza, lake la pili. Jarida lilikuwa limeshaikubali na lilikuwa linasubiri tuwatumie toleo la mwisho. Ingetoka kabla majalada hayajafungwa. Na tovuti inayohesabu haibagui: hata mtu akijitaja mwenyewe, imo.

Hayo nilikuwa nayajua yote siku aliponiuliza, akifuta miwani kwa ncha ya shati:

"Umeisoma ile ya mbuzi?"

"Ndiyo, Profesa."

"Yote?"

"Ndiyo."

"Bon," alisema, Kifaransa chake cha "vyema".

Alirudia tena siku chache baadaye, tukiwa kwenye ngazi. Mara ya tatu alisimama mlangoni na koti mkononi, akauliza, akaondoka. Hakuwa mtu wa kurudia maneno. Nililala nikizigeuza zile "yote" zake, nikilinganisha ya kwanza na ya tatu. Kwa nini hakutaja makala nyingine yoyote? Kwa nini alikuwa akinitazama usoni?

Mama yangu mdogo, ninayeishi kwake, ana cherehani mbili katika chumba kinachotazama barabara. Moja anaitumia mwenyewe, na nyingine anaitumia shoga yake, mjane mwenye kicheko kikubwa. Niliwaeleza jambo lenyewe kadiri nilivyoweza: ukiandika kitu na mwenzako akakitaja, unahesabiwa.

"Kama harusini," alisema mama mdogo, "wakisoma majina ya waliochanga."

"Karibu na hapo."

"Na mzee inamkosa jina moja?"

"Mara moja tu."

Shoga yake alisimamisha cherehani. "Profesa mzima anakosa mbuzi moja! Sha, mpe mzee mbuzi yake, aende zake."

"Lakini makala yangu ni ya ng'ombe."

"Kwani ng'ombe na mbuzi hawalali zizi moja?"

Walicheka mpaka mteja aliyekuwa akisubiri sketi akacheka nao bila kujua kisa. Kisha mama mdogo akasema kwa upole, huku akikata uzi kwa meno, "Wewe iko unafikiri sana. Lakini hii si ya kufikiri. Mtu mzima hawezi kukuomba wewe mtoto. Anakuzungushia. Amekuzungushia mara tatu, unataka apige magoti?"

Hilo lilinitosha. Nilikaa siku mbili kutunga sentensi moja. Nilianza na "kama ilivyoonekana pia kwa mbuzi", nikaifuta, kwa sababu sikuwa na hakika ni kitu gani kilichoonekana. Nikajaribu "wanyama wengine wadogo", lakini ng'ombe si mnyama mdogo. Mwishowe niliandika kwamba umuhimu wa rekodi za wafugaji umeelezwa hata kwa mbuzi, nikaweka makala yake kwenye marejeo. Niliijua makala ile kwa mwaka wake, jarida lake, kurasa zake na hesabu yake. Muhtasari nao nilikuwa nimeupitia. Nikamtumia toleo hilo.

Aliniita kesho yake. Karatasi zilikuwa mezani, na sentensi yangu imezungushiwa kalamu ya risasi.

"Binti, hawa mbuzi wamefikaje kwa ng'ombe wangu?"

Nilisema kitu kuhusu rekodi za wafugaji.

"Wamefikaje?"

Halafu nikasema jambo ambalo hatukuwahi kulisema kati yetu. "Tukituma hivi, Profesa, nane inatimia."

"Najua kuhesabu." Alivua miwani. "Ulidhani nakuomba?"

Nilidhani amekasirika. Kisha akavuta droo, akatoa nakala ya makala ya mbuzi, akaifungua ukurasa wa tatu.

"Nisomee hapo."

Nilisoma. Ilikuwa sehemu ya njia za utafiti, ile ambayo macho huiruka. Iliandikwa kwamba wenye mbuzi waliulizwa baba wa kila mtoto wa mbuzi, na kwamba mahojiano yalifanyika mbele ya bwana mifugo wa eneo.

"Mbele ya bwana mifugo," alisema. "Ambaye ndiye aliyewagawia beberu wa mbegu bora. Sasa nani angesema mbele yake kwamba alimtumia beberu wa shemeji? Wote walijibu beberu wa serikali. Watoto hawakufanana na baba walioandikiwa, kwa hiyo urithi nilioupata ulikuwa mdogo, nikaandika kurasa mbili za kueleza kwa nini ni mdogo. Nilikuja kuelewa baadaye sana." Akanirudishia macho. "Wewe Masaka ulikwenda na nani?"

Nilikuwa nimekwenda na daktari wa kupandikiza mbegu. Ndiye aliyezijua nyumba zote. Ndiye aliyekuwa akinitangulia kwenye kila boma, akisalimia na kutania, nami nyuma yake na daftari.

"Ndiyo maana nilikuuliza kama umeisoma," alisema.

Nilimkumbusha tarehe ya kufungwa kwa majalada. Nilisema tungeweza kutuma kwanza, tukasahihisha baadaye, kwamba majarida huruhusu. Nilizungumza haraka na kwa urefu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Andikia jarida kwamba tunairudisha mezani. Mbuzi hao uwaondoe. Na urudi Masaka, peke yako."

Nilirudi. Mwenye boma la kwanza alikuwa mama mmoja mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba mpya za kupangisha. Aliendelea kukamua nilipouliza.

"Yule mtamba? Baba yake ni dume la pale juu, kwa mzee."

"Mara ya kwanza uliniambia ni wa mbegu ya kupandikizwa."

"Ulikuja na daktari!" Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye ninayehitaji kupimwa. "Mbegu yake haikushika. Ningemwambia usoni, mbele ya mgeni? Ni jirani yangu. Mtoto wake nilimbeba mgongoni." Akasogeza ndoo. "Andika sasa, hayupo."

Si wote waliobadilisha jibu, ila walitosha. Baadhi hawakukumbuka, nikalazimika kuwaacha nje ya hesabu. Kazi ilichukua msimu mzima wa mvua na sehemu kubwa ya kiangazi, pikipiki ikiniacha barabarani na mimi nikitembea katikati ya mashamba ya maharage na misingi ya nyumba zisizoisha. Usiku nilikuwa nikijiuliza kama Profesa ananichukia. Mchana alinipigia simu kuuliza ng'ombe wangapi wamebaki.

Jalada lake nililipeleka mwenyewe kwenye ofisi inayopokea maombi ya vyeo, Kiyovu, likiwa na ile saba. Nilifungua ukurasa kwenye simu nikiwa kwenye foleni, labda kuna mtu mahali fulani ametaja mbuzi asubuhi hiyo. Hakuna aliyetaja. Jibu lilikuja fupi, la heshima: kiwango hakikufikiwa. Profesa alilisoma akiwa amesimama, akalikunja, akaniuliza kama nimeshapanga upya mabinti wa dume la pale juu. Alistaafu akiwa profesa mshiriki. Nyamirambo hawakuona tofauti yoyote.

Makala yangu ilitoka baadaye, ikiwa na ng'ombe wachache zaidi na urithi ulio juu zaidi ya ule wa mwanzo. Mbuzi walirudi ndani yake, safari hii kwenye mjadala. Sentensi hiyo niliiandika kwa dakika chache, baada ya kuisoma makala yake neno kwa neno mara mbili. Asubuhi moja nilifungua ukurasa wake kwa mazoea tu, nikakuta nane.

Nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa sebuleni na mkewe, wakinywa chai na kusikiliza redio. Nilimpa simu, ikionyesha ile nane na sentensi yangu chini yake. Alitazama, akampa mkewe, naye akaisogeza mbali kisha karibu.

"Imeandikwa Kiingereza. Inasema nini?"

Profesa aliniashiria nimtafsirie. Nikasoma polepole: kwamba kosa la namna hii lilitokea pia katika utafiti wa mbuzi, ambako wenye mifugo waliulizwa mbele ya bwana mifugo, na kwa hiyo makadirio yale yalikuwa ya chini kuliko ukweli.

Mkewe alimgeukia. "Kwa hiyo wamekutaja kwa kukosea?"

"Ndiyo."

"Na inahesabiwa?"

"Inahesabiwa."

"Basi watakupa cheo?"

"Nimeshastaafu, mama."

"Sasa hii nane ni ya kazi gani?"

Aliichukua simu, akaitazama ile sentensi tena, akiipandisha na kuishusha kwa kidole. Kisha akanitazama usoni, kama alivyokuwa akifanya ofisini.

"Safari hii umeisoma yote?"

"Yote, Profesa."

"Bon," alisema, akapunguza sauti ya redio, akamwomba mkewe alete kikombe cha tatu.