Mashuka Saba ya Kitanda cha Mama

Daktari hatibu mtu. Ni daktari wa vitabu, anafundisha chuoni habari za wanawake na kazi wasiyolipwa. Cherehani ya mama yake ndiyo iliyomsomesha, na mama mwenyewe hajui kusoma hata jina lake. Kila mama huyo alipozidiwa, alimlilia binti yake, akamalizia: "Mwanangu, hili lisitoke humu ndani."

Likatoka. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kilikuwa hadi mashukani. Daktari aliyachukua mashuka saba ya wazazi wake, akayatarizi kwa uzi mwekundu maneno yale yale ya mama: vipigo vya marehemu baba, mimba iliyotoka kwa mateke, na kwamba kaka mkubwa baba yake ni mwingine. Wanafunzi wake hawahoji hata muuza mboga bila fomu ya ridhaa. Kwa mama hakuuliza. Alijua mama hasomi, akajipa moyo.

Siku ya ufunguzi wa maonyesho, mashuka yametundikwa ukutani, mama alipapasa shuka la kwanza, akafurahi. "Mkono wako umetulia, mwanangu. Umeandika nini?"

"Habari za wanawake, mama."

"Ewaa!"

Mara mgeni mmoja akamkumbatia huku analia. "Pole sana, mama, kwa ile mimba."

Mama akapigwa na butwaa. Akamshika mkono mkamwana wake, mke wa yule kaka mkubwa. "Nisomee."

Mkamwana akasoma mashuka sita kwa sauti ya chini. La saba alilisoma kimoyomoyo. Akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Hapo mama akaelewa. Aliomba wembe kwa mhudumu, akaliteremsha shuka la saba, akakaa sakafuni kufumua. Hakujua neno lenye siri ni lipi, masikini, kwa hiyo alifumua yote, herufi moja baada ya nyingine.

Wageni wakamzunguka. Simu zikatoka. Mmoja akapiga makofi, na wengine nao wakafuata.

"Mwanangu," mama alisema bila kuinua kichwa, "waambie watu waondoke."

Mwandishi wa gazeti akamwinamia Daktari. "Na hii ni sehemu ya kazi yako?"

Daktari aliona aibu. Akamtazama mama yake, kisha akawatazama wageni.

"Ndiyo," akasema. "Ni sehemu ya kazi."