Wageni Waliokuja Kuona Ukuta

Tangu Jumamosi, nikienda dukani kwa Mangi naomba sukari huku nikiangalia miguu yangu, maana najua yeyote atakayekutana na macho yangu ataniuliza, "Eti Zuhura, mahari ya mhandisi imefika?" Na kusema kweli nastahili, kwa sababu yote yaliyotokea nyumbani kwetu Mbagala Jumamosi ile niliyaanzisha mie, kwa kuogopa kumwambia mama yangu sentensi moja iliyokamilika.

Mvua za masika ziliangusha kona ya ukuta wa sebule yetu, likabaki tundu ambalo mbuzi angepita bila kuinama, na ukuta uliosalia ukapata ufa kutoka dirishani hadi kwenye kenchi za paa. Kujenga bila kibali hatukuthubutu, maana jirani mmoja alijaribu akachorewa X nyekundu ya kubomolewa, iliyokaa mlangoni kwake hadi leo. Na ada ya kibali ni ileile, uwe unajenga nyumba mpya au unarudisha kona iliyobebwa na maji. Basi mie, mhitimu ambaye ajira yangu kubwa ni kufundisha tuisheni Kinyerezi, nikaandika barua ofisi ya vibali kuomba ada ipunguzwe kwa nyumba zote zilizoharibika, sio yetu peke yake. (Niliiandika mara kumi na moja. Neno "Ndugu" tu lilinichukua asubuhi nzima, nikiwaza kama lina ubaridi.) Wakajibu! Watu wawili, wakiongozwa na mjumbe wetu, watakuja Jumamosi saa nne kuukagua uharibifu kabla barua haijaingia kikaoni, na uharibifu usipoonekana, barua inaishia hapohapo.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kufikiri, na mie nikianza kufikiri ujue mambo yameharibika. Nikimwambia Mama, atapata matumaini, matumaini yakivunjika presha itapanda, presha ikipanda nitajilaumu mpaka uzee. Kwa hiyo nikaamua kusema nusu.

"Mama, Jumamosi kuna wageni wawili, watu wazima, wanakuja kwa ajili yangu. Mzee Kombo anawaleta."

Mzee Kombo ni mjumbe wetu wa nyumba kumi. Ni vilevile mtu anayetumwa kupeleka posa mtaa mzima, jambo ambalo mie, katika kufikiri kwangu kote, sikulifikiria.

Mama akaweka chini ungo wa mchele. "Ni watu wa wapi?"

"Mmoja nadhani wa Bukoba."

"Wana heshima?"

"Sana."

"Na hali yetu wanaijua?"

"Nimewaandikia kila kitu, Mama. Usiandae chochote."

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa, akasema, "Haya, mwanangu," akarudi kwenye mchele wake. Ijumaa nikaenda tuisheni, nikalala hukohuko kwa rafiki yangu.

Jumamosi nikawapokea wageni barabarani: mhandisi mwenye mvi na faili, dada wa ofisini mwenye kamera, na Mzee Kombo aliyevaa kanzu (kwa nini kanzu? nilijiuliza, nikajijibu kwamba labda ana hitima mahali). Njia nzima namweleza mhandisi jinsi tundu lilivyo baya, jinsi upepo unavyoingia, asubiri tu aone. Nikafungua mlango.

Tundu halikuwepo.

Mahali pake palining'inia pazia zito jekundu, limetoka juu hadi sakafuni, na mbele yake sofa, vyote navijua ni vya Mama Neema wa nyumba ya tatu. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa nyeupe kama yai. Udi ulikuwa unafuka. Mjomba Sefu, kaka yake Mama, alikaa kati kwa kofia yake ya sikukuu, na kutoka uani ilikuja harufu ya pilau ya watu hamsini.

"Shikamoo, wazee," nikasema, sauti ikiwa imebaki nje.

"Marahaba. Wewe ingia ndani, mwari hakai na wageni," akanijibu Mjomba.

Mhandisi akatazama kuta, akatazama barua yangu, akatazama tena kuta. "Mbona nyumba ni nzuri?"

"Alhamdulillahi," akasema Mjomba. "Na binti ana digrii. Sasa tuambieni, mmetumwa na nani?"

"Tumetumwa na ofisi."

"Ofisi!" Mjomba akamgeukia Mama. "Hata kijana hatajwi, wanasema ofisi!"

Mzee Kombo naye (nilikuja kujua baadaye kwamba Mama alishampitia kumuuliza, naye kwa kupenda pilau akajibu "heri tupu") akawa anakohoa tu. Mhandisi akausogelea ukuta wa dirisha, akabonyeza pale ulipokuwa ufa, kidole kikazama.

"Hii simenti bado mbichi. Nani ameziba?"

"Mie, jana!" akasema Mjomba kwa fahari. "Mgeni haonyeshwi ufa."

"Kwa kibali kipi?"

Nikaiona X nyekundu mlangoni kwetu, nikamwona Mama akilala chini ya ufa mwaka mwingine, nikaona barua yangu ikirudi kwenye faili na faili likifungwa. Mkono wa mhandisi ulikuwa unalifunga kweli. Na mie, ambaye nikitaka kuagiza chipsi hufanya kwanza mazoezi moyoni, nikapanda juu ya sofa ya Mama Neema na viatu vyangu, nikalishika pazia kwa mikono miwili, nikalivuta.

Likaja lote na bomba lake. Likamfunika Mzee Kombo. Na kupitia kwenye tundu tukaonana uso kwa uso na akina mama kumi na wawili wa uani, wamezunguka sufuria na miiko mikononi, ambao shangazi yangu alikuwa amewaambia wakiona dalili yoyote ya mambo kukubalika wasichelewe.

Hawakuchelewa. Vigelegele vilipigwa mpaka watu wa dukani kwa Mangi wakaja kuchungulia. Nikiwa juu ya sofa. Na dada wa ofisini akapiga picha.

"Mama," nikasema vigelegele vilipokwisha, "hawa hawakuja kuniposa. Wamekuja kuona tundu."

Mama alikaa taratibu kwenye mkeka. Nilidhani presha. Kumbe alikuwa anatafuta maneno, na alipoyapata aliyasema kwa mhandisi.

"Baba yangu, miezi yote hii tundu liko wazi, hamkuja. Nimelifunika siku moja tu, ndiyo siku mmekuja."

Mhandisi akavua miwani. "Mama, ada ya kibali ndiyo inayonileta. Bila mkaguzi, ndugu yako anapaka simenti juu ya ufa, na ukuta unawaangukia mmelala."

"Basi ipunguzwe, isifutwe," nikasema, bado nimesimama juu ya sofa, kwa sababu niliogopa nikishuka ujasiri utabaki huko. "Anayejenga ghorofa anaomba kupanda juu. Sie tunaomba kurudi pale tulipokuwa. Ada ikiwa kubwa hivi, watu wataziba kimyakimya, na wewe hutaitwa kabisa. Si umekiona kidole chako?"

Akakitazama. Kilikuwa na simenti.

"Mie sina mamlaka ya kupunguza," akasema akilifungua tena faili. "Ninaandika ninachokiona. Ukuta umeanguka. Simenti hiyo ichokolewe leo. Barua inaingia kikaoni Alhamisi, lakini uje uiseme mwenyewe, kama ulivyosema hapo juu." Pilau wakakataa, ofisi hairuhusu. (Nikashukuru, maana nilikwishaanza kuwaza kama sahani moja ni hongo.) Mzee Kombo alikula kwa niaba yao wote.

Nimeapa: nusu ya habari sitamwambia tena mtu, hasa mtu mwenye ndugu na chokaa. Jana nilimweleza Mama yote kuhusu Alhamisi: tunakwenda wapi, kwa nani, kusema nini, na kwamba wanaweza kukataa.

"Wakikataa?"

"Tutaandika nyingine, turudi."

Akalikunja pazia la Mama Neema kulirudisha, akaliacha tundu wazi. Baibui aliyoinyoosha kwa ajili ya posa ameitundika, ndiyo atakayoivaa kikaoni. Akafika mlangoni, akageuka.

"Na kwa kuwa siku hizi unasema yote," akasema, "kijana yupo au hayupo?"

Hayupo, Mama.