Kuingia Uwanjani Kinyumenyume

Kwa miaka kumi na moja nilicheza namba tano, na katika miaka yote hiyo nilifunga goli moja, langoni kwetu. Nalitaja mapema ili msomaji asije akaambiwa na wengine. Ilikuwa kona, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na kichwa changu kilifanya kila kitu sawasawa isipokuwa kuchagua upande.

Namba tano ni beki wa kati. Mshambuliaji anakimbilia anakokuona. Beki anakimbilia asikokuona, kwa sababu macho yako kwenye mpira na miguu inarudi golini. Ukigeuza mgongo ili ukimbie vizuri, mpira unakupita na hutajua ulipopita. Kwa hiyo beki mzuri ni mtu anayeweza kurudi nyuma bila kugeuka. Siri nyingine hakuna. Hata wewe unaweza kujifunza, na usivunjike moyo ukianguka mara mbili tatu, mradi usianzie karibu na kisima.

Mimi nilijifunzia kazini. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa seremala katika ushirika mmoja pale Keko, tukitengeneza vitanda, madawati na makabati. Kabati hubebwa na watu wawili: mmoja anakwenda mbele, mwenzake anarudi nyuma. Anayerudi nyuma siku zote ni yule aliyeajiriwa karibuni, na baada yangu ushirika haukuajiri mbebaji kwa miaka sita. Nilirudi nyuma kutoka karakana hadi barabarani, nikapita kati ya vitanda, marundo ya mbao, mama wa maandazi na mbuzi wake, huku nikiutazama uso wa mwenzangu juu ya kabati. Akikunja uso, nilijua kuna kitu nyuma yangu. Siku niliyopangwa kucheza beki katika timu ya ushirika, sikuona jipya lolote isipokuwa kwamba nilichopewa safari hii kilikuwa chepesi.

Kisha goti likaharibika. Halikuharibika katika tukio la kusimulia. Niliruka, nikatua, likalia kama kiti kilichokosa gundi. Daktari akasema nisibebe tena mizigo wala nisicheze.

Meneja wa ushirika aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Ndugu," aliniambia, "kubeba huwezi, kucheza huwezi. Unaweza nini?"

"Naweza kueleza," nikasema.

"Basi uwe kocha. Timu ikibaki daraja hili, nawe utabaki. Ikishuka, timu tunaivunja, nawe utakwenda kambi ya mbao Rufiji kuandika namba kwenye magogo. Ni kazi ya kukaa. Goti halitakusumbua."

Aliyenitangulia kupelekwa kambi ile alirudi baada ya miezi minane, akawa analisalimia shoka lake kabla ya kuwasalimia watu. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Temeke, hakuwa na uhamisho, na mtoto wetu wa pili alikuwa njiani. Nilipomweleza, aliendelea kusahihisha madaftari hadi mwisho wa ukurasa.

"Kwa hiyo mtoto atakuwa na baba au hatakuwa naye, kutegemea mpira wa maseremala," akasema.

"Kwa kifupi, ndiyo."

"Niliwaona wiki iliyopita," akasema, akachukua daftari jingine.

Alikuwa na haki. Tulifungwa michezo minne ya kwanza. Mabeki wangu walikuwa mafundi hodari, lakini mpira ukirushwa juu yao waligeuka wote na kuufukuza, kama watu walioachwa na basi. Nikaanza kuwafundisha kwa kabati. Kila jioni, kazi ikiisha, tulitoa kabati tupu la milango miwili, na kila beki alilibeba kinyumenyume kutoka karakana hadi barabarani, akarudi, akaenda tena. Baadaye tukaliacha kabati, timu nzima ikarudi nyuma mikono mitupu, wote wakinitazama mimi usoni.

Aliyelalamika zaidi ni namba tano wangu, fundi wa viti vya kukunja.

"Kocha, mie nimekuja kucheza mpira," alisema. "Kuhamisha vyombo nimeshafanya mchana kutwa."

"Unafanya vizuri sana," nikamwambia. "Inua visigino kidogo. Hivyo. Sasa tena."

Na kweli alikuwa anafanya vizuri. Tukaanza kutoka sare, tukashinda michezo miwili, na tulipofika mchezo wa mwisho tulihitaji sare moja tu.

Sasa lazima niieleze kamati. Enzi hizo kila timu, hata ya mtaani, ilikuwa na kocha wa kufundisha na kamati ya ufundi ya kushinda. Kamati ilishughulikia mambo yasiyofundishika: timu ilale wapi, ioge maji gani, iingie uwanjani kwa njia ipi. Mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa mzee wa kupaka vanishi, mtu wa Kusini, aliyekuwa ameketi kwenye kona moja ya karakana tangu kabla ya Uhuru. Sikuwa na ugomvi naye. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, naye aliitikia marahaba na kuniuliza goti limelalaje.

Imani ya kamati zote ilikuwa kwamba mlango wa uwanja hauaminiki, kwa kuwa huko ndiko wapinzani huzika dawa, na wa kwanza kuvuka ndiye huibeba. Kwa hiyo timu ziliruka ua. Lakini uwanja ule wa Temeke ulikuwa na ua wa makuti, na timu zilizotangulia zilikuwa zimeuruka mpaka ukalala. Msimamizi akausimamisha upya na kupanga miiba juu yake. Ulibaki mlango mmoja.

Wapinzani wetu walikuwa timu ya madereva wa malori. Wao walihitaji kushinda ili wasishuke. Tulifika alasiri, tukawakuta wamesimama upande wa kushoto wa mlango. Tukasimama upande wa kulia. Hakuna aliyeingia.

Refa alikuwa ndani, katikati ya uwanja, na mpira chini ya kwapa. Baada ya robo saa akaja mlangoni.

"Nyie vipi? Zimebaki dakika kumi. Nikipuliza hamjaingia, wote mmefungwa, na mie naenda zangu kula."

"Wageni watangulie," alisema mwenyekiti wa kamati ya madereva, kwa heshima kubwa.

"Sisi ni wa papa hapa Temeke," akajibu mzee wetu. "Wageni ni nyie."

Watazamaji, ambao walikuwa wameingia kwa mlango huohuo bila kudhurika, walitupigia kelele kutoka ndani.

"Maseremala! Kama mlango mbovu si muutengeneze?"

"Madereva, pigeni honi mfunguliwe!"

Nilipiga hesabu, nayo haikuwa ngumu. Tusipoingia, tumefungwa, timu imeshuka, na mimi nipo Rufiji naandika magogo. Nikienda kinyume cha mzee, wachezaji hawatanifuata, kwa sababu mimi walinipenda, lakini yeye walimwogopa. Nikamvuta pembeni. Sikutaka kumshinda. Nilitaka kuelewa, na mtu akiulizwa kwa nia ya kuelewa mara nyingi husaidia.

"Mzee wangu, hiyo dawa inamjuaje anayeingia?"

"Kwa uso. Unavuka, inakutazama usoni, imekupata."

"Na anayetoka?"

"Anayetoka haimhusu. Kaja kumaliza kazi, anaondoka, imfuate ya nini?"

"Mtu akivuka huku uso wake unatazama nje?"

Mzee akaanza kukwangua vanishi kwenye ukucha wa dole gumba. Refa akasema dakika nne.

"Huyo," mzee akasema taratibu, "huyo anatoka."

"Lakini atakuwa ndani."

"Hilo si la dawa, bwana. Hilo la refa."

Nikawapanga wachezaji mstari mmoja, migongo kwa mlango, nyuso barabarani. Sikuwa na haja ya kueleza zaidi. Walikuwa wamefanya hivyo kila jioni kwa miezi mitatu. Wakainua visigino, wakanitazama usoni, wakaingia uwanjani kinyumenyume kwa mwendo wa kawaida, wote kumi na mmoja, hakuna aliyegusa nguzo. Mimi nikafuata vilevile, nikichechemea. Kelele za watazamaji zilikatika ghafla. Nadhani hawakuwa wameona dawa nzito namna ile.

Madereva nao walikuwa wameona. Wakashauriana kwa haraka, wakageuka, nao wakaanza kuingia kinyumenyume. Hawa walikuwa watu wa kurudi nyuma kwa kazi, lakini kwa vioo. Golikipa wao alikanyaga ukingo wa mtaro akakaa chini. Namba tisa wao, mtu mrefu na hatari sana, akaanguka juu yake, na wengine wakaendelea kufika. Refa alisubiri hadi wote wakasimama, akapuliza.

Ningependa kusema mchezo ulikuwa rahisi baada ya hapo. Walitushambulia dakika tisini. Walipiga mwamba mara mbili. Dakika za mwisho namba tisa akapata mpira peke yake katikati ya uwanja, na mbele yake hakuwepo mtu ila fundi wangu wa viti vya kukunja. Nilifumba macho, nikaona magogo, nikayafumbua. Fundi hakugeuka. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, visigino juu, macho kwenye mpira, akimwachia namba tisa njia ya pembeni tu, kama mtu anayepitisha kabati la milango mitatu kwenye ukumbi mwembamba. Namba tisa akasubiri ageuke. Alisubiri mpaka mpira ukatoka nje pamoja naye.

Sare, bila kwa bila.

Jumatatu, kwenye mkutano wa wafanyakazi, meneja alitamka Uhuru na Kazi, kisha akaishukuru kamati ya ufundi kwa ubunifu wake. Mzee alisimama, akapigiwa makofi, akasema hakufanya peke yake, kocha naye alikuwepo. Nilishukuru. Mke wangu nilipomsimulia alicheka hadi akashika tumbo, akasema afadhali mtoto akitoka atangulize kichwa.

Rufiji alipelekwa karani mmoja ambaye hakuwahi kucheza mpira popote. Asubuhi ya safari alikuja uani mwa karakana na chandarua na sanduku la bati, akapanda kwenye lori la mbao. Aliyekaa kwenye usukani alikuwa namba tisa. Aliponiona akashusha kioo.

"Kocha, mchezo umeisha. Niambie kiume, mlipaka nini?"

Nikamweleza. Nilianza na kabati, nikaja kwenye visigino, nikamwonyesha mahali pa kuweka macho. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," akasema. "Sasa kabla ya hapo, mnapaka nini?"

Ua wa karakana haukuwa na nafasi ya kugeuza lori, na kioo chake cha kushoto kilikuwa kimevunjika. Akaniomba nimwelekeze atoke. Nikasimama mbele ya lori mahali aliponiona vizuri, nikainua mikono, naye akaanza kurudi taratibu kuelekea barabarani, karani akinitazama kutoka juu ya sanduku lake. Nilimwambia dereva asiangalie nyuma, aniangalie mimi tu.

"Rudi," nikamwambia. "Rudi. Unafanya vizuri. Rudi."