Daktari wa Mbuzi Hakufika Kakuma

Nilipoletwa Lodwar kuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali, watu wa kule bado walikuwa wakisema "naenda Kenya" wanapopanda lori la Kitale. Mimi nilikuwa nimetoka hiyo Kenya yao, upande wa Kakamega, nikiwa na sanduku moja la nguo na jingine la karatasi. Nilikuwa nimeamua kuwa mwandishi wa riwaya, na niliuona uhamisho ule kama bahati: mahali pakavu, kimya, hakuna jamaa wa kunitembelea. Riwaya ingejiandika yenyewe.

Haikujiandika. Mchana vidole viliteleza kwenye taipureta kwa jasho, na baada ya kurasa chache mhusika wangu mkuu aliketi kwenye kiti akakataa kuinuka. Ndipo nikafanya lile wanalofanya waandishi walioshindwa kuandika. Nikaanzisha jarida.

Mwenzangu alikuwa muuguzi wa hospitali, kijana mrefu mzaliwa wa Kaikor, aliyetunga mashairi ya mapenzi yenye vina na mizani kamili kwa msichana ambaye hakujua kusoma. Yeye alitaka jarida liitwe Nuru ya Jangwa. Nikamwambia jina hilo linafaa sabuni. Baada ya kununiana siku kadhaa tukakubaliana kuliita Mkoma, kwa ule mti wa kando ya mto Turkwel ambao kivuli chake hakimtoshi hata mbuzi mmoja. Bwana mkubwa wa ofisi yetu alituruhusu kutumia mashine ya kudurufu Jumamosi, mradi tusiandike siasa. Tulimhakikishia kwamba tutaandika fasihi tu. Akauliza fasihi iko chini ya wizara gani.

Toleo la kwanza lilikuwa na mashairi yake na hadithi zangu mbili, moja nimeitia jina la mwandishi wa kubuni ili tuonekane wengi. Nta ya stensili ililainika kwa joto na kila "o" ikatoka doa jeusi. Wasomaji walikuwa walimu, makarani na polisi, wageni kama mimi, na maoni yao yalikuwa mamoja: jarida ni zuri sana, ila je, hatuwezi kuandika siku ambazo lori la barua litafika?

Toleo la pili ndilo lililobeba hadithi yangu kuhusu daktari wa mifugo. Niliiweka Kakuma, ambako nilikuwa sijakanyaga, kwa sababu jina lilinipendeza. Katika hadithi hiyo serikali inatangaza kwamba Jumatatu ya kwanza baada ya mwezi kuandama, daktari atafika kando ya mto Tarach kuchanja mbuzi wote bure. Wafugaji wanakuja kutoka kila upande. Wanangoja na kungoja. Daktari hafiki, na hadithi inakwisha. Niliuona mwisho huo kuwa mzito mno, nikamsomea muuguzi mara mbili.

Nakala chache zilipanda lori hadi kwa mwenye duka mmoja wa Kakuma, Msomali aliyependa kuwasomea wateja wake chochote kilichoandikwa, hata maneno ya kwenye gunia la unga. Kwa bahati mbaya pini za kubania karatasi zilikuwa zimetuishia, na kurasa za mwisho zilidondoka njiani. Akasoma alichopata: serikali, Jumatatu, daktari, bure. Mteja mmoja akatafsiri kwa Kiturkana, na habari ikaenea malishoni.

Sisi Lodwar hatukujua lolote mpaka polisi wa Kakuma walipouliza kwenye redio daktari yuko wapi, maana mbuzi wamejaa hadi mlangoni mwa kituo. Ofisi ya mifugo ikajibu kwamba haijamtuma mtu. Polisi wakasema tangazo wanalo, tena limepigwa chapa. Bwana mkubwa akaniita. Aliniuliza ni nani aliyeidhinisha chanjo. Nikamwambia ile ni hadithi. Akaniuliza ni nani aliyeidhinisha hadithi.

Tukapakiwa kwenye gari la serikali, mimi na muuguzi, twende tukawaeleze watu wenyewe. Njiani mwenzangu alijaribu kunifariji kwamba hakuna mwandishi nchini aliyewahi kukusanya wasomaji wengi hivyo. Kisha akanyamaza, nadhani alipokumbuka kwamba hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ajili ya mashairi.

Sikuwa nimewahi kuona mbuzi wengi kiasi kile. Wengi walikuwa wakikohoa, jambo ambalo katika hadithi yangu halikuwepo, kwa kuwa sikujua kwamba mbuzi hukohoa. Tulisalimiana ejok, ejok, na watu wengi, kisha nikasimama mbele ya kituo nikaeleza kwamba yale hayakuwa tangazo bali jambo nililolitunga kichwani. Muuguzi alitafsiri kwa maneno mengi kuliko yangu. Mama mmoja mwenye shanga zilizojaa shingoni, aliyekuwa amembeba mwanambuzi mgonjwa, akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili chake:

"Wewe ulijua daktari hakuna?"

"Nilijua, mama."

"Na uliandika anakuja."

"Mwishoni niliandika kwamba hakuja."

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyepigwa na jua. "Hiyo sisi tunajua," akasema. "Hiyo haina haja ya kuandika."

Kisha akaniambia nikae chini. Walikuwa wameshakuja, na kurudi wangerudi tu, hivyo wangengoja kidogo. Akanipa maziwa, nikaketi kungoja pamoja nao mtu niliyembuni mwenyewe.

Kesho yake akafika. Baadaye nilisikia kwamba mkubwa fulani kutoka Nairobi alikuwa njiani kuzuru Kakuma, na ofisi ya mifugo ikaona ni heri akute sindano kuliko malalamiko. Daktari akashuka garini, akatoa hotuba kwamba zoezi hilo lilikuwa limepangwa kwa muda mrefu, akachanja mpaka dawa ikaisha. Yule mama alipita karibu nami akiwafukuza mbuzi wake mbele.

"Sasa andika," akaniambia.

Tuliporudi, bwana mkubwa alikuwa ameona faida ya fasihi. Akaamuru ukurasa wa kwanza wa Mkoma uwe wa matangazo ya serikali. Tukatangaza pampu ya maji ya Lokichar, mwalimu wa Kaikor, lori la mahindi. Hakuna kilichofika. Wasomaji wakaacha kusoma ukurasa wa kwanza, wakaanza kuchunguza hadithi zangu kwa makini wakitafuta siku ndani yake. Mvuvi mmoja alikuja kutoka Todonyang kuniomba nimwandikie hadithi ambayo ndani yake gari linakuja kununua samaki wake. Nilimwandikia vizuri. Gari halikuja, na nadhani alinilaumu kwa kutotia bidii.

Matoleo mawili baadaye mashine ya kudurufu ilihitajika kwa kazi za maana, na Mkoma likafa. Muuguzi alimwoa msichana wake, ambaye alimwambia kwamba alimpenda kwa sababu si mtu wa maneno mengi.

Riwaya niliiacha na mhusika wake kitini. Badala yake niliandika mambo ya Kakuma kama yalivyotokea, mbuzi wakikohoa na daktari akifika, nikayapeleka kwa mchapishaji Nairobi. Mhariri alinijibu kwa upole. Aliwapenda mbuzi, alimpenda mama, lakini kufika kwa daktari kulimshinda kuamini. Wasomaji wangecheka, alisema. Nikamwondoa daktari, na hadithi ikachapishwa.

Nakala moja ilifika Lodwar, na daktari wa mifugo akaisoma. Hakunisalimu tena mpaka alipohamishwa. Kila alipoketi na watu kunywa chai aliwaambia kwamba waandishi ni waongo, na kwamba yeye ana ushahidi, kwa kuwa siku hiyo alikuwepo.