Barua ya kiwandani kuhusu kardani, na neno nililomwambia dada yangu

Wakuu, heshima zenu.

Nimesoma ule uzi wa jana, wa jamaa anayepuuza recall ya gari lake, nikashindwa kunyamaza.

Mimi ni mzee, nimepita miaka tisini. Haya sijawahi kumwambia mtu, hata padri. Sitaongeza kitu, wala sitajipunguzia kosa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Nilikuwa fundi kwenye garage ya Mbelgiji mmoja karibu na reli. Kifaransa nilisoma kwa mapadri, kwa hiyo patron, yaani bosi, alinipa na kazi ya kupanga barua.

Siku moja ikaja barua kutoka kiwanda cha Ulaya. Malori yote ya modeli fulani yarudishwe. Kiungo cha kardani kina kasoro, kinaweza kupasuka.

Kwa wasiojua: kardani ni lile fito la chuma linalopeleka nguvu kutoka gearbox hadi magurudumu ya nyuma. Likikatika gari likiwa kwenye mwendo, linapiga kila kitu kilichoko chini, mabomba ya breki yakiwemo.

Vipuri vipya vilikuwa bado njiani.

"Wewe hapana sema kwa cité," patron akaniambia kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Ukisema, kazi imekwisha."

Cité ndiko tulikokaa sisi weusi. Kazi ikiisha, na ruhusa ya kukaa mjini inaisha. Mke wangu alikuwa mjamzito.

Nikanyamaza.

Siku tatu baadaye akaja Ilunga, mume wa dada yangu mdogo Monika. Alikuwa dereva wa mfanyabiashara wa samaki wa Kilwa, ile ya kwetu kando ya ziwa Mweru, si ya pwani. Lori lake lilikuwa la modeli ile ile.

"Bulamu," akaniita, ndivyo tunavyoitana mashemeji kwetu, "chini kule iko kitu inalia. Angalia kwanza, kisha niende."

Nikaingia chini. Nikakishika kile kiungo, kikacheza mkononi.

Patron alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi.

Nikakipaka grisi, nikatoka.

"Haina mambo, bulamu. Enda muzuri."

Akacheka, akanipiga begani, akaondoka.

Kilwa hakufika. Kardani ilikatika kwenye mteremko, breki zikaenda nayo. Fito lenyewe lilikutwa barabarani, mbali nyuma ya lori.

Mwenye lori akaandikisha polisi kwamba dereva alikuwa amelewa.

Ilunga! Mtu ambaye hata munkoyo, ile pombe yetu ya mahindi, hakuonja siku ya harusi yake!

Baada ya matanga Monika akanifuata garage. Vipuri vilikuwa vimefika, nilikuwa navifunga kwenye lori la mteja mwingine.

"Yaya," akaniita, yaani kaka, "we njo fundi. Batu banasema alikunywa. Camion yake ilikuwa na mubaya?"

Dirisha la ofisi ya patron lilikuwa wazi.

"Hapana," nikamjibu. "Ilikuwa muzima."

Hakulia. Alijifunga vizuri kikwembe chake, akaniaga kwa adabu, akaenda.

Wakuu, kwa neno lile moja nilimfanya mumewe mlevi. Watoto wake wanne walikua wakijua hivyo. Monika hakukubali mjukuu hata mmoja apewe jina la Ilunga, na kwetu hilo ni kumzika mtu mara ya pili.

Patron alirudi kwao ulipokuja uhuru. Hakukuwa na wa kumwogopa tena. Kila Jumapili baada ya misa nilikula kwa Monika, miaka na miaka, na kila Jumapili nilirudi nyumbani sijasema.

Amekufa akiniamini.

Nilichojifunza ni hiki: gari lako likiitwa, lipeleke. Na wewe unayejua hatari, sema siku hiyo hiyo. Ukichelewa, unakuwa na mambo mawili ya kukiri, na la pili ndilo zito zaidi.

Watoto wawili wa Ilunga wako hai bado, nao ni wazee sasa. Niambieni wenzangu, bila kunionea huruma: niwaambie, au nife nalo? Nitasoma comment zote, hata za matusi.