Siku Faridi Aliposimamishwa Mkutanoni

Mikono ya Dafrosa ina mabaka meusi yasiyotoka kwa sabuni wala kwa limau. Ni alama za mafuta ya maganda ya korosho, na kila mwanamke aliyebangua hapa Nachingwea kwa miaka mingi anazo. Baba yake, mzee Ausi, alivuka mto Ruvuma akiwa kijana, akawa mpishi katika kambi moja ya wapigania uhuru, kisha akaoa na kulima katika kijiji cha Mnero. Watoto wake walijua kwamba ukimwuliza habari za kambi anainuka kwenda kutazama mikorosho yake, hata kama chakula kiko mezani.

Dafrosa aliingia katika kiwanda cha korosho baada ya mumewe kufariki. Huko alimkuta Faridi, fundi wa boila, mtu wa Likunja upande wa Ruangwa. Faridi alikuwa amebeba mizigo bandarini Dar es Salaam, na siasa za kikomunisti alizitoa huko, kwa wapagazi wazee. Wao wawili ndio walioanzisha Umoja wa Wabanguaji. Haukuwa umoja wa kuomba nyongeza ya mshahara na kushukuru. Walikubaliana tangu mwanzo kwamba mwisho wa safari ni kiwanda kushikwa na wanaobangua, na kwamba hadi siku hiyo watavutana na mwajiri kila itakapobidi. Dafrosa akachaguliwa mwenyekiti kwa kuwa hakuwa na makuu. Faridi alipendwa kwa sababu alijua kueleza. Alikohoa kidogo kabla ya kusema, kikohozi cha moshi wa boila, na wanawake wakisikia kikohozi kile walinyamaza wamsikilize.

Ndani ya Umoja, Faridi alikuwa na kundi lake la wakomunisti. Walikuwa wachache, ingawa wengi wao walikuwa wanakamati, na walikutana Jumapili. Dafrosa alijua wanasoma na kuzungumza, naye hakuona ubaya.

Mambo yaliharibika wakati wa mgomo. Waligoma kwa ajili ya glavu, maana mafuta ya maganda yalikuwa yanawachuna ngozi, na kwa ajili ya moshi uliojaa ukumbi wa kubangulia. Walidai pia wawe na sauti katika kupanga kazi. Mwajiri alikubali glavu, mengine akayakataa. Watu wengi walitaka kurudi kazini kwa sababu majumbani hakukuwa na unga. Lakini kamati ilipopiga kura, mgomo ukaendelea. Dafrosa alishangaa. Waliopiga kura ile ndio haohao waliomlilia kwamba wamechoka.

Asubuhi iliyofuata Nasma, mmoja wa wanakamati, alimfuata kisimani. Alimwambia kwamba kura ile ilikwisha kuamuliwa Jumapili. Yeye na wenzake wa kundi walikuwa wameelekezwa wanyooshe mikono upande gani, kila mtu moyo wake auweke pembeni. Nasma alisema hayo akitazama ndoo.

Dafrosa aliitisha mkutano wa wote, uwanjani mbele ya geti. Akaeleza alichosikia, bila kumtaja aliyemwambia. Kisha akataka kila aliye katika kundi lile asimame aonekane.

Wakatazamana. Faridi akasimama peke yake.

"Mimi ni mkomunisti," akasema. "Umoja ukikosa watu wanaotazama mbali, utaishia kwenye glavu."

"Na kama kutazama mnatazama nyinyi," Dafrosa akamjibu, "sisi wengine mkutanoni tunakuja kufanya nini?"

Faridi akakohoa kidogo, lakini mara hii watu hawakunyamaza wamsikilize. Wakamtaka ataje wenzake. Akakataa. Wakamtaka tena, sauti zikapanda, mtu mmoja akamvua kofia akaitupa. Alibaki amesimama juani muda mrefu huku watu wakimsemea ovyo, wakiwemo wale aliowahi kuwapigania. Mwisho wakapiga kura ya kumfukuza. Dafrosa aliihesabu kwa haki, ikapita. Faridi akaokota kofia yake, akaenda zake, na kwenye boila hakurudi tena. Nasma hakusimama, na Dafrosa hakumlazimisha.

Mgomo ukaisha kwa glavu, watu wakarudi kazini. Siku ya kwanza ya mapumziko Dafrosa alikwenda Mnero kumweleza baba yake. Alidhani mzee atafurahi kwamba mwanawe ameulinda umoja wa watu wote. Mzee Ausi alisikiliza hadi mwisho.

"Mlimsimamisha mbele za watu?"

"Ndiyo, baba."

"Mkamtaka ataje wenzake."

"Ndiyo."

Safari hii mzee hakuinuka. Alimwambia kwamba kule kambini nako kuna watu walisimamishwa mbele ya mkutano, wakaulizwa, wakakiri. Yeye hakujua kosa lao. Kazi yake ilikuwa sufuria. "Nilichojua ni kwamba kesho yake niliambiwa nipunguze ugali," akasema. Dafrosa alipotaka kuuliza zaidi, mzee aliomba aachwe alale.

Tangu siku hiyo Dafrosa hakutulia. Kazi iliendelea, glavu zilikuja, lakini akiwa amekaa na kibao chake cha kubangulia alisikia mtu akikohoa nyuma yake, upande wa boila, ambako sasa alikaa fundi mwingine mwenye kifua kizima. Alipogeuka aliona mvuke tu. Mikutanoni ilikuwa mbaya zaidi. Kila alipotamka, "Mwenye la kusema asimame," watu walitazama chini, naye alimwona Faridi amesimama juani, kichwa wazi. Hakuna aliyesimama tena. Kama Faridi alivyosema, Umoja uliishia kwenye glavu, na Dafrosa alijua haukuishia hapo kwa kukosa wakomunisti. Watu walikuwa wanaogopana.

Ndipo zikaja habari kwamba Faridi amefukiwa na kifusi katika machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, huko Ruangwa, yeye na wenzake.

Dafrosa alikwenda Likunja matanga yakiwa yamekwisha. Hajra, mjane wa Faridi, alimkaribisha mkekani, akampa maji, akamjua kwa jina kabla hajajitaja. Dafrosa akatoa pole. Akamwuliza kama marehemu alimlaumu. Hajra akasema hapana, hakumtaja kwa ubaya hata siku moja. Kisha akaupapasa ukingo wa mkeka.

"Aliuona ufa, dada," akasema. "Nguzo za shimo zilikuwa zimeanza kupinda. Aliniambia mimi, hakuwaambia wachimbaji wenzake. Nikamwambia, waite wenzako, simama useme. Akasema kusimama mbele za watu kumemshinda."

Dafrosa hakuweza kunywa yale maji. Hajra hakumfukuza wala hakumfariji.

Aliporudi Nachingwea aliitisha mkutano, akasimulia aliyoyasikia, akalia mbele yao. Akataka mambo mawili yawekwe katika katiba ya Umoja. La kwanza, mkomunisti au mtu wa siasa yoyote awe huru kukutana na wenzake na kusema wazi msimamo wake, lakini uamuzi ufanywe mkutanoni na mtu apige kura kwa moyo wake. La pili, asilazimishwe tena mtu yeyote kusimama ajitaje au awataje wengine. Walibishana mchana kutwa. Baadhi walisema anawarudisha walewale kwa mlango wa nyuma, wakajitoa. Waliobaki wakakubali. Nasma akasema kwa hiari yake, akiwa amekaa, kwamba yeye alikuwa mmoja wao na bado ni mmoja wao. Hakuna aliyemzomea. Dafrosa akaachia uenyekiti siku hiyohiyo.

Kikohozi anakisikia mpaka leo, na hamwambii mtu kwamba kitaisha.

Msimu wa ufuta huomba ruhusa, akaenda Likunja kumsaidia Hajra kukata na kusimamisha matita yakauke. Hawazungumzi sana. Mwaka jana, wakiwa shambani, Hajra alimwuliza yeye na Faridi waligombania nini hasa. Dafrosa akaweka mundu chini. Akaanza na bandari, akaja kwenye Umoja, akaeleza Faridi alitaka nini na yeye alihofia nini, akajikuta anamtetea Faridi kuliko anavyojitetea mwenyewe, akauokota tena mundu.

"Endelea," Hajra akamwambia, huku akifunga tita. "Nakusikiliza."