Picha ya Baba na Ng'ombe wa Mzungu

Mwaka mmoja baada ya watu kuhamishiwa vijijini, barua ilitufikia Tabora kutoka kwa ndugu wa daktari wa Kizungu ambaye baba yangu alimpikia Kasulu. Iliorodhesha wote waliopata kumiliki ile picha ya bibi mwenye gauni la buluu, iliyotundikwa ukutani kwetu, tangu ilipochorwa, miaka mia mbili iliyopita: bibi mwenyewe, mwanawe, wajukuu, hadi daktari. Mstari wa mwisho ulisema: iliibwa na mpishi. Irudishwe.

"Nilipewa," alisema baba. "Nami nikamjibu daktari kwa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Muulize Bitaliho, jirani yetu wa kule Kasulu."

Niliumia. Nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikapanda treni mpaka Kigoma.

Kasulu nilifika kwa lori, vumbi hadi kwenye kope. Nilianzia kwa muuza duka mmoja aliyemfahamu baba.

"Bitaliho kahamia Kumsenga, kwa wakwe zake," alisema. "Lakini mwalimu, warudishie picha yao upumzike."

"Nitapumzika nikishawajibu."

Kesho yake nilipata gari la kwenda Kibondo. Likakwama topeni, tukalisukuma, nikapoteza kiatu kimoja. Kumsenga niliingia na kandambili za kuazima.

Mzee Bitaliho alikuwa akianika maharage. "Mwakeye, mwanangu," alinisalimu kwa Kiha. "Ni daktari aliyekutuma?"

"Daktari alishafariki, mzee. Nduguze wanasema baba aliiba picha."

Alinipeleka zizini, akanionyesha ng'ombe wanne wenye pembe ndefu.

"Hawa wa mzungu. Kwetu Buha, ukigawiwa kitu kikubwa, unarudisha mtamba. Baba yako alimrudisha mbele ya watu. Daktari akampokea, akaniambia: nitunzie. Ndiye aliyewazaa hawa wengine. Tulipohamishwa niliwaswaga kwa miguu hadi hapa. Maziwa nimekunywa, sikatai. Ila wenyewe waje, nimechoka!"

Nilicheka, kisha nikalia palepale kwenye samadi.

Mwenyekiti wa kijiji aliandika maneno ya mzee, mzee akatia dole gumba, naye akagonga mhuri. Nikarudi Tabora na karatasi ile kifuani.

Nilichojifunza ni hiki: wale walihesabu wamiliki wote wa picha, wasiulize hata siku moja ndugu yao daktari alipewa nini. Niliwaandikia wafute neno la wizi, waandike jina la baba yangu, halafu waje kuchukua mifugo yao.

Hawajajibu. Juzi Bitaliho alituma salamu: ng'ombe mmoja amezaa tena.